Pete za NBA: Orodha ya Majirani wa Bill Russell

Mjadala wa Jordan na LeBron ukichemka kijiweni, lazima atokee mtu wa kutupa neno "pete" mezani, yaani idadi ya ubingwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Jordan 6, LeBron 4, kesi imekwisha. Sawa, lakini anayetaka pete ziamue ubora akubali pia kwamba Jordan anaachwa na Jim Loscutoff, fowadi wa kazi za mieleka aliyestaafu na pete 7. Ukimwambia hivyo, ghafla anaanza kuzungumzia takwimu nyingine.

Orodha ya waliotwaa ubingwa mara nyingi zaidi NBA ina mengi ya kufundisha, ila ubora wa mtu mmoja mmoja haumo. Kikubwa inachokuonyesha ni nani alivaa jezi ya Boston Celtics kati ya 1957 na 1969. Kileleni yupo Bill Russell na pete 11. Anayefuata ni Sam Jones, 10. Wenye 8 ni wanne: Tom Heinsohn, K.C. Jones, Satch Sanders na John Havlicek. Wenye 7 ni Frank Ramsey, Loscutoff na Robert Horry. Kisha wanakuja wenye 6: Bob Cousy, Kareem Abdul-Jabbar, Michael Jordan na Scottie Pippen.

Sasa piga hesabu hii. Wale watano wanaomfuata Russell moja kwa moja wana pete 42 kwa jumla. Kati ya hizo, 40 walizipata Russell akiwa kikosini. Mbili zilizobaki ni za Havlicek, ya 1974 na ya 1976. Katika watu tisa wa juu kabisa, ni Horry peke yake ambaye hakucheza na Russell.

Mzizi wa yote ni drafti ya 1956, zoezi la klabu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Wakati huo klabu ilikuwa na haki ya kumchukua mchezaji wa chuo cha jirani kabla ya drafti kuanza, kwa sharti la kuacha zamu yake ya raundi ya kwanza. Boston wakaitumia kumchukua Heinsohn kutoka Holy Cross, chuo kilichopo Worcester, mwendo mfupi tu kutoka Boston. Kwa hiyo hawakuwa na zamu tena ya kumpata Russell, senta wa Chuo Kikuu cha San Francisco aliyekuwa ametoka kutwaa ubingwa wa vyuo mara mbili mfululizo. Rochester, wenye zamu ya kwanza, walikuwa na mdakaji wao wa mipira inayorudi tayari, Maurice Stokes, wakamchagua mlinzi Sihugo Green. Zamu ya pili ilikuwa ya St. Louis Hawks. Kocha Red Auerbach akawapa Hawks senta wake Ed Macauley, mwenyeji wa St. Louis aliyetaka kurudi nyumbani, pamoja na Cliff Hagan, akampata Russell. Raundi ya pili akamwokota K.C. Jones, aliyesoma na Russell chuo kimoja.

Russell, Heinsohn, K.C. Jones. Drafti moja, pete 27.

Watu huwacheka Hawks kwa biashara ile. Mimi siwacheki. Macauley na Hagan waliwapa ubingwa wa 1958, na fainali nyingine tatu dhidi ya Boston. Klabu nyingi zimeuza zamu ya pili kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Kuhusu alichofanya Russell uwanjani, namba hazitoshi. Alikuwa na wastani wa pointi 15.1 na ribaundi 22.5 kwa mchezo, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa. Mitupo aliyozuia haina idadi rasmi kwa sababu NBA ilianza kuhesabu bloku msimu wa 1973–74, miaka minne baada ya yeye kutundika daluga. Kinachoeleweka vizuri ni namna alivyozuia. Mzuiaji wa kawaida huupiga mpira kofi hadi jukwaani, mashabiki wanashangilia, halafu mpinzani anaurusha tena kutoka pembeni akiwa na nafasi nyingine. Bloku ya aina hiyo ina thamani ya sekunde chache. Russell, mtu wa mita 2.08 anayetumia mkono wa kushoto, aliugusa mpira kwa vidole tu ili uanguke mikononi mwake au kwa mwenzake. Mara moja unakwenda kwa Cousy aliyekwisha sogea pembeni, na Heinsohn na Sam Jones wanakimbia mbele. Yaani mtupo wa mpinzani ulikuwa ndiyo pasi ya kwanza ya shambulizi la Boston.

Uwepo wake nyuma ulibadilisha pia kazi ya waliokuwa mbele. Mlinzi wa kawaida humwachia mwenye mpira nafasi kidogo kwa kuogopa kupitwa. K.C. Jones hakuwa na haja ya woga huo: alimganda mtu kifuani, na akipitwa, aliyepita anakutana na Russell. Timu zinazojaribu kuiga kwa kununua senta mrefu peke yake hukwama hapo. Senta akibaki nyuma na walinzi wa mbele wakiwa legevu, anakabiliwa na watu wawili kwa wakati mmoja, anafanya faulo tatu kabla ya mapumziko, na mpango wote unakaa benchi pamoja naye.

Hata hivyo mtu asidhani pete 11 zilipatikana kwa mteremko. Russell alicheza mchezo wa saba, ule wa kuamua mshindi wa mfululizo, mara 10 katika mtoano na kushinda yote 10. Itazame kwa karibu: 1957 dhidi ya Hawks, tofauti ya pointi 2. 1962 dhidi ya Philadelphia, pointi 2. 1965 dhidi ya Philadelphia tena, pointi 1. 1966 dhidi ya Lakers, pointi 2. 1969 dhidi ya Lakers, pointi 2. Jumlisha upate 9. Pete tano kati ya 11 zimening'inia kwenye pointi tisa.

Ule wa 1957 ulikwenda nyongeza mbili na kuisha 125–123. Nyota wawili wa Boston, Cousy na Bill Sharman, walikosa karibu kila kitu: mitupo 40, iliyoingia 5. Waliookoa jahazi ni wachezaji wapya wawili wa msimu wa kwanza, Heinsohn aliyefunga 37 na Russell aliyedaka ribaundi 32. Na bado nusura lizame. Muda ukiwa karibu kwisha kabisa, kocha-mchezaji wa Hawks, Alex Hannum, aliurusha mpira kutoka mwisho wa uwanja hadi mwisho mwingine, akilenga ubao makusudi. Ukagonga ubao na kumrudia Bob Pettit mkononi, kama alivyopanga. Pettit akatupa, mpira ukazunguka kwenye ringi, ukatoka.

Wa 1965 ndio ninaoupenda zaidi kwa sababu Russell ndiye aliyekosea. Boston wanaongoza 110–109, zimebaki sekunde tano, mpira ni wao. Russell anaurusha kutoka nje ya mstari chini ya kikapu, unagonga waya ulioshikilia kikapu kutokea juu. Kwa kanuni mpira unahamia kwa Philadelphia, na wana senta wao hatari, Wilt Chamberlain. Hal Greer anajiandaa kuurusha. Havlicek amempa Greer mgongo, anamtazama Chet Walker, lakini kichwani anahesabu: mrushaji ana sekunde tano tu. Alipofika katikati ya hesabu na mpira haujatoka, alijua Greer ameanza kubanwa, akageuza macho kidogo. Pasi ikaja juu, akaigusa, ikamfikia Sam Jones, muda ukaisha. Hapo tunda la kuhesabu kimoyomoyo ni pete moja kwa kila mtu kikosini, na Russell akanusurika na lawama za maisha.

Sam Jones naye anastahili zaidi ya kuitwa mtu wa pili. Silaha yake ilikuwa mtupo wa ubaoni: akiwa pembeni ya kikapu kwa mshazari, hakulenga ringi, alilenga kona ya mstatili uliochorwa kwenye ubao. Kutoka upande huo ubao hupunguza kasi ya mpira na kusamehe kosa dogo la nguvu. Ukiwa mbele ya kikapu moja kwa moja, au kwenye kona karibu na mstari wa mwisho, faida hiyo haipo, ndiyo maana hakuutumia huko. Mwaka 1962 ndiye aliyetupa juu ya mikono ya Chamberlain zikiwa zimebaki sekunde mbili na kuimaliza Philadelphia.

Pete ya mwisho ya Russell na Sam Jones ni ya 1969, na ilikuwa ngumu kuliko zote. Auerbach alikuwa ameacha ukocha 1966, na Russell akawa kocha na mchezaji kwa pamoja, Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu NBA. Boston walimaliza wa nne Mashariki, 48–34. Lakers walikuwa na Jerry West, Elgin Baylor na Chamberlain, na mchezo wa saba ulichezwa kwao. Mmiliki wao, Jack Kent Cooke, alikuwa ameshapandisha mapulizo ya sherehe kwenye nyavu darini. Kusherehekea kabla ya mechi hakujawahi kumfaa mtu, lakini kilichowaua Lakers si mapulizo. Chamberlain aliumia goti dakika za lala salama, akatoka. Baadaye akaomba kurudi, kocha wake Butch van Breda Kolff akamwacha benchi. Kisha Don Nelson, ambaye Lakers hao hao walimtema 1965, akadaka mpira uliopotea karibu na mstari wa mitupo huru na kuutupa. Uligonga nyuma ya ringi, ukaruka juu wima, ukaanguka ndani. 108–106. West alifunga 42 na kupewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo. Mpaka leo hakuna mwingine aliyeipata akiwa kwenye timu iliyoshindwa. Tangu 2009 tuzo hiyo ina jina la Russell.

Mara mbili tu katika misimu yake 13 Russell alikosa. 1958 aliumia kifundo cha mguu kwenye mchezo wa tatu wa fainali, na Pettit akafunga pointi 50 siku ya kumalizia kazi. 1967 Philadelphia walikuwa wazuri kupita kiasi, 68–13 msimu wa kawaida, wakaishinda Boston 4–1.

Mazingira nayo yaliwabeba, na hili lisemwe waziwazi. Ligi ilikuwa na timu 8 hadi 1961. Sasa ni 30. Kinara wa kanda aliruka raundi ya kwanza ya mtoano. Boston walihitaji ushindi 7 tu kuchukua ubingwa wa 1957, kisha 8 kila mwaka kuanzia 1959 hadi 1965, 11 mwaka 1966, na 12 kwa kila mmoja wa 1968 na 1969. Jumla ni 98 kwa pete 11. Enzi za Jordan, bingwa alihitaji 15, hivyo pete zake 6 zilidai ushindi 90 katika mtoano. Ukiziweka hivyo, tofauti kati ya wawili hawa inapungua sana. Leo ni 16 kwa pete moja.

Jambo zito zaidi ni mikataba. Mchezaji wa zama zile hakuwa na pa kwenda: mkataba ukiisha, klabu ilibaki na haki juu yake. Kesi iliyofunguliwa na Oscar Robertson ilimalizwa kwa makubaliano 1976, na uhuru kamili wa kuchagua klabu ukaja 1988. Ukomo wa mishahara nao haukuwepo hadi msimu wa 1984–85. Auerbach akishampata mtu, alikaa naye mpaka viatu viishe.

Ndiyo maana Robert Horry ni kituko cha orodha hii. Pete 7 kwa klabu tatu: Houston 1994 na 1995, Lakers 2000 hadi 2002, San Antonio 2005 na 2007. Wastani wake wa maisha ni pointi 7 kwa mchezo na hakuwahi kuitwa kwenye mchezo wa nyota. Ila ukimtazama vizuri hata yeye alikuwa jirani: Hakeem Olajuwon wa Nigeria, kisha Shaquille O'Neal, kisha Tim Duncan. Kila alikotwaa pete alikuwepo mtu mkubwa wa zama zake chini ya kikapu. Mtu mkubwa akikabwa na wawili, kuna mmoja anaachwa wazi nje, na Horry alijua kusimama.

Mitupo yake miwili mashuhuri ni somo la makosa ya wengine. 2002, fainali ya Magharibi, mchezo wa nne. Sacramento wanaongoza 99–97. Kobe Bryant anakosa, Shaq anakosa, na Vlade Divac anaupiga mpira kofi kuutoa eneo la hatari ili muda uishe. Wazo lilikuwa sahihi, upande ndio haukuwa sahihi. Mpira wa namna hiyo hupelekwa kona au pembeni. Divac aliupeleka katikati, juu ya mstari wa pointi tatu, Horry alikokuwa amesimama. 100–99. 2005, fainali, mchezo wa tano kule Detroit, Horry ndiye alirusha mpira kuingia uwanjani akampa Manu Ginóbili pembeni. Rasheed Wallace akamwacha Horry kwenda kumsaidia mwenzake kumbana Ginóbili. Mpira ukarudi kwa Horry, pointi tatu, San Antonio 96–95. Kila kocha wa kikapu duniani humwambia kijana wake asimwache aliyerusha mpira, maana huyo ndiye mtu wa kwanza kuwa huru. Wallace alikuwa mzoefu na bado alimwacha.

Wenye 6 wanajulikana. Nitaongeza tu kwamba Kareem alichukua ya kwanza 1971 na Milwaukee na ya mwisho 1988 na Lakers akiwa na miaka 41, na sioni wa kulifikia pengo hilo la miaka 17. Wenye 5 ni kundi kubwa lenye Magic Johnson, Kobe, Duncan, Dennis Rodman, Derek Fisher na wengineo. Humo ninayemkubali kwa uchumi wa jasho ni Steve Kerr: nne mfululizo, 1996 hadi 1998 na Chicago kisha 1999 na San Antonio. Ya tano, 2003, aliingia akitokea benchi dhidi ya Dallas na kufunga mitupo minne ya pointi tatu bila kukosa hata mmoja.

Kwa wanawake, rekodi ya WNBA ni ya Rebekkah Brunson mwenye 5: Sacramento 2005, kisha Minnesota 2011, 2013, 2015 na 2017. Nyuma yake wamo Sue Bird na wale wa Houston Comets waliochukua nne za kwanza kabisa, 1997 hadi 2000.

Atatokea wa kufika 8 tena? Kuanzia 2019 hadi 2025 ligi imekuwa na mabingwa saba tofauti katika miaka saba, na mkataba wa 2023 kati ya ligi na wachezaji umekaza kamba. Klabu ikivuka kiwango cha pili, kile cha juu, cha mishahara kilichowekwa na ligi haiwezi tena kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili au zaidi ili kumpata mmoja mkubwa, na zamu yake ya drafti ya mwaka wa saba mbele inafungiwa. Drafti nayo haina huruma. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili, zamu ile ile ya Russell, na Memphis. Wa saba alikuwa Stephen Curry, ambaye ana pete 4.

Kwa wanaopenda kutengeneza orodha zao, makosa hujirudia sehemu zile zile. Mwaka wa ubingwa ni ule msimu unapoishia: 1956–57 ni ubingwa wa 1957. Ubingwa wa BAA, jina la NBA la mwanzo, wa 1947 hadi 1949 unahesabiwa na NBA, wa NBL, ligi nyingine ya wakati huo, hauhesabiwi, ndiyo maana George Mikan utamkuta na 5 kwenye orodha moja na 7 kwenye nyingine. Ubingwa wa ABA, ligi pinzani, pia haumo, kwa hiyo Julius Erving ana 1, si 3. Usichanganye pete za uchezaji na za ukocha: Phil Jackson ana 13, lakini 2 tu ndizo za uchezaji. K.C. Jones ana 8 uwanjani, 2 akiwa kocha mkuu na 2 akiwa kocha msaidizi, jumla 12, na hapo anampita hata Russell. Na pete yenyewe ni zawadi ya klabu, hupewa hata wafanyakazi wa ofisini. Mwaka 2016 Anderson Varejão alianza msimu Cleveland na kuumaliza Golden State, timu hizo mbili zikakutana fainali. Cleveland wakashinda 4–3, yeye akiwa benchi la walioshindwa. Mtu wa namna hiyo, amua mapema orodha yako itamhesabu vipi.